Nguzo za Ketil

Ketil alipoiona nchi mpya, alizitupa baharini nguzo mbili za kiti chake cha ukuu, akaapa kujenga popote mawimbi yatakapozifikisha. Asgerd, ambaye kaka yake aliuawa na Ketil, ndiye aliyeziokota ufukweni. Alizijua kwa nakshi zake, akazipasua ziwe kuni.

Baridi ilipoanza, Ketil, asiyemjua Asgerd, alibisha hodi nyumbani kwake, ndevu zimeganda barafu.

"Mama, hujaziona nguzo zangu mbili? Nimeapa kujenga zitakakofika."

"Ota moto kwanza, mgeni," alisema Asgerd, akichochea kipande cha mwisho cha kuni zile. "Huku hazikufika. Jaribu kaskazini."

"Kaskazini ni barafu tupu."

"Kiapo ni kiapo, bwana."

Kulipokucha, Asgerd alisimama mlangoni, viganja vimejaa majivu, akilitazama tanga la Ketil likielekea kaskazini huku theluji ikianza kuanguka.