Kalenda Iliyobaki Ukutani

Nyaguthii alipoishusha kalenda ya mwaka jana iliyoachwa na mwenye nyumba wa zamani, vumbi la plasta lilimwagikia viatu vyake.

Ukutani, pale ilipokuwa, palikuwa na ufa mrefu karibu sawa na kalenda yenyewe. Alitia kidole kikaingia chote, na upepo wa Kitengela ukakipuliza kutoka nje.

Katikati ya ufa fundi fulani alikuwa amebandika kipande cha kioo kwa saruji, kama mafundi wanavyofanya kwenye huu udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha. Ukuta ukitulia, kioo hubaki kizima; ukisogea, hukatika. Hiki kilikuwa kimekatika katikati. Kando yake palikuwa na tarehe ya penseli: mwezi uliopita.

Mwezi huo huo ndipo alipouza shamba lake la Kiserian akanunua nyumba hii ya kupangisha. Hakujiuliza kwa nini kalenda kuukuu ilining'inia kwenye nyumba yenye rangi mpya.

Geti likagongwa. Mpangaji alikuwa amefika, mwalimu mwenye mtoto mgongoni.

Nyaguthii akairudisha kalenda haraka, akailaza kwa kiganja.

"Mama, nyumba iko safi," mwalimu akasema. "Hata kalenda mmetuachia! Kitanda ya mtoto tutaweka hapo chini yake, mbali na mlango, baridi isimshike."

Mvua ya kwanza ikaanza kugonga mabati. Nyuma ya kalenda, plasta ilidondoka kidogo kidogo.

Nyaguthii akasogea, akasimama mbele ya kalenda.

"Funguo ndizo hizi," akasema.