Maji ya Baraka mu Ordinatere

Bamama ba Ruashi balikuwa banasema, mu klabu ya ordinatere, ni kusema kompyuta, yenye mutoto wangu Plamedie anaongoza, banaita bafu, bantu benye balishakufa, mu mashini. Nilikataa kuamini, lakini ile maneno ilinifuata mupaka mu misa.

Siku ya mukutano niliingia bila hodi, na chupa ya maji ya baraka. Ku kioo cha mashini nikaona sura ya bwana wangu, mwenye tulizika. Alikuwa anacheka. Nikamwanga chupa yote.

Maji iliingia katikati ya herufi za klavie, polepole, kama iko natafuta njia. Sura ikazimika.

"Eh, Mama Plamedie amekuja kubatiza mashini!" mumoja wa mu klabu akasema. Bote bakacheka.

Plamedie hakucheka. Alikuwa anapangusa na kitenge chake.

"Mama, ni ile foto ya baba yenye panya balikula. Nilikuwa naitengeneza, nikupatie ku Noeli."

Bamama benzangu, muepuke ibi:

Kubeba maneno ya ku robine, fasi tunachota maji.

Kuingia bila hodi fasi mutoto anatumika kazi.

Kumwanga maji ku kitu iko na umeme.

Kumuuliza mutoto, mbele ya bantu benye anaongoza, kama alibakisha kopi ya ile foto fasi ingine.