Basi la Saa Kumi

Mishi ndiye aliyeomba waje kutembea kwenye kijia cha majabalini, juu ya bahari, kilichoanzia kituo kimoja cha basi na kuishia kingine. Alidhani mumewe, Mbwana, akitoka mjini japo siku moja, huenda akazungumza naye.

Mbwana alitangulia tangu hatua ya kwanza.

"Nisubiri, Baba Rehema. Goti linaniuma."

"Kaza mwendo. Basi la saa kumi ndilo la mwisho," alijibu bila kugeuka, akapotelea nyuma ya mwamba.

Mishi alipofika kwenye mteremko wa mwisho, aliliona basi kule chini, bado limesimama. Kondakta alikuwa mlangoni, akimpungia mkono afanye haraka. Mishi akavua kanga mabegani, akaipunga. Ndipo Mbwana alipotoa kichwa dirishani. Alitazama juu, pale pale aliposimama mkewe, kisha akamgeukia kondakta na kumwambia neno huku akitikisa kichwa. Kondakta alisitasita, halafu akapiga ubavu wa basi mara mbili.

Likaondoka.

Mishi alikaa juu ya jiwe mpaka vumbi likatulia. Akajua ameachwa siku nyingi, ila leo ndipo alipoambiwa.

Alishuka taratibu, akichechemea. Alipofika barabarani aligeukia upande ambao basi halikwenda. Mbele yake kunguru watatu walikuwa wakigombea kitu katikati ya njia, wala hawakumpisha.