Mkono wa Mzee Kuria

Mkono uliofungwa haukuwa ule Wanjira aliouacha umefungwa.

Asubuhi, kabla ya kwenda mjini kwa masomo, alikuwa amemfunga baba yake kitambaa kwenye mkono wa kushoto, ule mzima, ili wa kulia uliopooza ukose wa kuutegemea. Ndivyo walivyofundishwa. Sasa jioni alimkuta Mzee Kuria kitini, wa kushoto huru, wa kulia umefungwa fundo juu ya fundo.

"Mum, si nilikuambia ni wa kushoto?"

"Nilisahau," mama alijibu kutoka jikoni. "Na si umwache tu apumzike. Huo mkono umefanya kazi ya kutosha."

Wanjira alifungua mafundo, moyoni akichemka. Wiki hiyo hiyo mpira wa baba wa kufinyafinya ulikuwa umepotea, ukaja kuonekana kwenye shimo la taka. Nani mwingine angeutupa? Huyu ndiye mama aliyempeleka kwa shangazi yake mtaani Jamhuri angali mdogo, na kila alipolia arudishwe nyumbani Mutuini, jibu lilikuwa lile lile: kaa huko. Mtoto wa pekee! Alikuja kuruhusiwa kurudi baada ya baba kupatwa na kiharusi, na hata hapo alimkuta mama ananenepa, ana miwani mpya baada ya miaka ya kuvaa ile iliyoungwa kwa waya. Mume hajiwezi, mke anajipamba. Wanjira aliona aibu kwa niaba yake.

Alikuwa akisomea usaidizi wa tiba ya viungo katika chuo cha orofa ya juu karibu na River Road, ambako chini yake kuliuzwa viatu vya mitumba. Chuo hakikuwa na wodi wala hospitali. Kila mwanafunzi alijitafutia mgonjwa, na siku ya mtihani mwalimu alimfuata huko huko kwa mgonjwa wake.

Mwalimu mwenyewe, Bwana Mutiso, alikuwa na sheria moja asiyoipindisha: mgonjwa achague kazi anayotamani kiungo chake kiifanye tena. "Usimfundishe mtu kushika kijiko na yeye anataka kuchana nywele," alizoea kusema. "Mwenye mwili ndiye anajua."

Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Mzee Kuria maneno pia. Wanjira alipomuuliza anachotamani, macho yalimng'aa. Akainua mkono wa kushoto juu ya bega, akaushusha kwa nguvu. Akarudia.

"Nyundo!" Wanjira alipiga kelele, machozi yakimlengalenga. "Baba anataka kurudi kazini!"

Nani asiyemjua? Fundi seremala, mzee wa kanisa, benchi zote wanazokalia waumini ni kazi ya mkono huo. Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mama, aliyekuwa akichambua sukuma, aliacha mboga akatoka nje.

Basi kazi ikaanza. Inua, shusha. Mwanzoni mkono ulianguka kama nguo iliyoloa. Watu wa kanisa walikuja wakaomba Mungu aurudishie nguvu, na waliposema amina, mama alikuwa ameenda kutafuta sukari. Siku hiyo Wanjira alishindwa kuvumilia.

"Mum, mimi nimekukosea nini? Kuna kliniki Mountain View wamenishikia kazi, wanangoja tu nipite. Nikianguka huu mtihani nimekwisha. Kwani mimi si mtoto wako?"

Mama alimtazama sana.

"Wewe ni mtoto wangu," alisema mwishowe. "Niambie nifanye nini."

Tangu hapo mpira haukupotea tena. Mama mwenyewe ndiye aliyefunga mkono wa kushoto, na Wanjira akiwa chuoni, ndiye aliyemsimamia mzee mazoezini. Mkono ukafufuka kidogo kidogo: bega kwanza, kisha kiwiko, mwisho vidole. Mama akaanza kukonda. Wanjira, kwa furaha yake, alisema ni uchovu, na akaapa kumpumzisha akipata mshahara.

Siku ya mtihani Bwana Mutiso alikaribishwa kwa chai na mandazi. Alipima bega, akapima kiwiko, akavuta vidole kimoja kimoja. Uso ulikuwa wa mtu anayependa anachokiona.

"Vizuri. Sasa ile kazi aliyoichagua mwenyewe."

Wanjira aliweka mezani ubao, msumari na nyundo. Mzee Kuria aliitazama nyundo, kisha akaisukuma kando kwa mkono wa kushoto. Akageuka, akamwita mkewe kwa kidole.

"Baba, la," Wanjira alinong'ona. "Nyundo. Shika nyundo."

"Mwache," Mutiso alisema. "Pengine anataka chai kwanza."

Mama hakuuliza anataka nini. Alitua sinia, akavua miwani yake mpya, akaikunja, akaiweka mbali, juu ya kabati. Kisha akaja akapiga magoti mbele ya kiti, pale pale mkono ungemfikia, akafumba macho.

Mkono wa kulia ukapanda hadi juu ya bega, kiganja wazi, bila kutetemeka hata kidogo, na Bwana Mutiso, ambaye macho yake yalikuwa kwenye mkono tu, akampa Wanjira alama zote.