Harufu ya Yai Viza

"Dada Sikudhani, leo umetuletea yai viza humu maabara?" Nurdini aliuliza, pua kaifunika kwa kola ya koti.

Sikudhani akamwomba radhi. Siku zote aliiyeyusha dawa yake ya majaribio, yenye salfa, jioni, akaiacha dirishani bila kifuniko, ili harufu iishe na wenzake wasikereke. Jana alisahau, leo akaiyeyusha papo hapo.

Alikuwa akitafuta namna ya kuzilinda chembe sahani za damu, zile za kuziba jeraha, zisichakazwe na oksijeni kama chuma kinavyoliwa na kutu. Wodini zilikuwa zikiharibika katika mifuko ya kuhifadhia damu kabla hazijamfikia mgonjwa. Kila alipozijaribu na dawa yake, zilikufa vilevile, na mkuu wake alikwisha kumwambia meza yake ya utafiti atapewa mwingine.

Akainua kijichupa cha chembe alizozitia dawa ya leo kwenye mwanga wa dirisha, akakiinamisha taratibu. Chembe zilizokufa hutulia tu kama maji yaliyooshewa mchele. Hizi zilizunguka, zikang'aa, zikajiviringa kama moshi wa udi.

Akakiinamisha tena. Kumbe hewa iliyoondoa harufu ndiyo iliyokuwa ikiila dawa! Heshima yake kwa pua za watu ndiyo iliyoziua chembe zote zile.

"Nurdini, njoo uone."

"Kwa uvundo huu?"

"Njoo, ndugu yangu."

Akaja akinung'unika. Akatazama. Kisha, polepole, akaiachia kola yake, akavuta pumzi ndefu.