Ukurasa wa Mwisho wa Riwaya Isiyo na Mwisho

Mhifadhi alikuwa anacheza peke yake katikati ya chumba cha makusanyo maalumu cha maktaba ya chuo, viatu mkononi ili asisikike ghorofa ya chini. Alikata kiuno mpaka kwenye kabati la ramani, akageuka, akarudi akikata kiuno mpaka mezani. Pale juu ya mto wa sponji ililala karatasi moja, nyembamba kama ganda la kitunguu, na kila alipoitazama alijiziba mdomo asije akapiga vigelegele.

Karatasi hiyo ilikuwa imejificha miaka hamsini nyuma ya bitana ya kasha la mswada wa riwaya. Asubuhi hiyo gundi ilibanduka, karatasi ikachungulia. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili! Jamani, kila mwanafunzi wa fasihi aliyepita chuoni hapo alijua kwamba riwaya ile, fahari ya waandishi wa usasa, inaishia ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, katikati ya sentensi: "Akafungua mlango, na". Basi. Hakuna nukta, hakuna kwaheri. Mwandishi akafariki kabla kitabu hakijatoka, na siri ya mlango akaondoka nayo.

Mhifadhi alikuwa ameshahakikisha. Herufi r ya taipureta ilipanda juu ya mstari, vilevile kama kwenye kurasa nyingine zote. Alikuwa amesoma maneno mawili tu, "nyuma yake", kisha akajizuia kwa nguvu zote. Hapana, heshima kwanza. Wa kwanza kusoma lazima awe Profesa.

Angekuwa nani mwingine? Mzee huyo alimfundisha yeye mwenyewe darasani, na alikuwa ameandika vitabu vitatu vinene juu ya hiyo "na" moja. Ijumaa angezindua cha nne. Ndiye aliyewaeleza watu kwamba mwandishi hakukatizwa na kifo, aliamua mwenyewe kunyamaza, na kwamba ukimya ule ndio usasa wenyewe. Miaka thelathini amesimama mbele ya mlango ule, na leo anafunguliwa!

Tena si Profesa tu aliyebahatika. Mwisho wa mwezi chumba hiki kilikuwa kifungwe, makasha yateremshwe stoo, nafasi wapewe watu wa kompyuta. "Wasomaji wawili kwa wiki," mkuu wa maktaba alikuwa amemwambia mhifadhi, "na mmoja anafuata kiyoyozi." Sasa wathubutu! Nani atafunga chumba chenye ukurasa huu, na ndio huu mmoja tu duniani? Mhifadhi alikuwa ametoka kwenye korido, akampigia dada yake simu, akapiga kelele, "Kimepona!" akakata kabla dada hajauliza kimepona nini.

Profesa, naye akiwa amepigiwa simu, alifika saa tatu na robo, vifungo vya shati amevifunga kombo. Akaacha begi kwenye kabati la nje, akatia jina daftarini, akapokea penseli, yote mbiombio.

"Binti yangu, kweli?"

"Kweli tupu, mwalimu! Kaa kwanza. Kaa, usije ukaniangukia."

"Nani mwingine ameuona?"

"Nani tena? Mimi na wewe tu. Mpiga picha wa chuo anakuja saa nne."

"Hata wewe hujaupiga picha, kwa simu?"

"Simu humu ndani, mwalimu? Mimi?"

Profesa akainama mezani. Midomo ikaanza kumcheza. Mhifadhi alisimama nyuma yake akirukaruka kwa vidole vya miguu. Hakuchungulia, alitaka kuhadithiwa.

"Haya, niambie! Nyuma ya mlango kuna nini?"

"Kuna harusi."

"Ya nani?"

"Ya wote," Profesa alisema taratibu. "Mpaka mwenye nyumba naye anaoa. Halafu wakaishi raha mustarehe. Ndivyo alivyoandika, binti yangu. Raha mustarehe. Chini ameweka 'Mwisho', akaupigia mstari mara mbili."

Mhifadhi alicheka mpaka akashika mbavu. Raha mustarehe! Vizazi vya wanafunzi vimeumwa vichwa, wengine wameurudia mtihani wa riwaya hiyo mara tatu, kumbe mzee wa watu alimaliza kama bibi anayembembeleza mjukuu! Machozi yalimtoka. Akamkumbatia Profesa na kiti chake.

"Magazeti yatakuja! Redio zitakuja! Na wewe, mwalimu, Ijumaa utausoma mbele ya watu wote!"

Profesa alitoa leso akafuta paji la uso, kisha shingo, kisha paji la uso tena.

"Maji," alisema. "Koo limenikauka."

"Twende ukanywe nje."

"Miguu haina nguvu, mama."

Maji hayakuwahi kuingia chumba hicho. Wala mhifadhi, katika miaka yake kumi na tisa ya kazi, hakuwahi kumwacha msomaji peke yake na karatasi, hata dakika moja. Lakini alipomtazama mwalimu wake anavyotetemeka, moyo wake ulimjaa. Loh, mtu anaweza kufa kwa furaha! Kama kuna siku ya kuvunja sheria, ndiyo hii. Akatimua mbio pekupeku kwenye korido, anaimba, akajaza glasi pomoni, akarudi akimwaga nusu yake sakafuni bila kujali.

Profesa alikuwa ameketi palepale, mikono miwili juu ya meza, mto wa sponji mtupu, mashavu yamevimba, anatafuna kwa bidii. Alipomwona, akanyoosha mkono apokee maji.