Mkanda wa Mavuno

Kila Jumapili mchana, kabla ya filamu yenyewe, Zdravka na wenzake wa kujitolea waliwaonyesha watu mkanda mmoja wa zamani wa mji wao. Watazamaji walizoea kumtaja kwa sauti kila waliyemtambua.

"Huyo si mama wa tiketi? Kumbe aliwahi kuwa na kiuno."

"Ninacho bado," mama akajibu kutoka mlangoni. "Macho yako ndiyo yamezeeka."

Ukumbi ukacheka. Zdravka naye alicheka, akichungulia kwenye tundu la chumba cha mashine.

Kisha akatokea mwanamume amebeba kreti ya zabibu. Mkono wake wa kushoto haukuwa na vidole viwili vya mwisho, vilivyoliwa na msumeno. Bango nyuma yake lilisema: Mavuno 1979.

Baba yake Zdravka, mwenye mkono kama huo huo, alizikwa mwaka 1976, jeneza limefungwa. Hadi leo binti humpelekea kaburini ngano ya kuchemsha na divai.

Ukumbini hakuna aliyetaja jina.

"Uruke huo, mwanangu," mama wa tiketi akasema taratibu.

Zdravka aliurudisha mkanda nyuma, akauwasha tena.

"Haya, jamani," akasema kupitia tundu. "Huyu nani?"